Safari ya Mombasa: gharama huamuliwa wapi, na hupunguzika wapi

Kila mwaka, ifikapo wiki ya pili ya Desemba, simu yangu hapa Mombasa huanza kulia kwa namna niliyokwisha kuizoea. Jamaa wa bara huuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: kuna nyumba ya bei nafuu huko Bamburi? Humjui mtu wa hoteli atupunguzie? Tiketi za treni zimekwisha, tufanyeje? Huwajibu kadiri niwezavyo, ingawa najua kwamba jibu lolote nitakalolitoa wakati huo halitawafaa sana, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama yao ilishaamuliwa siku walipochagua tarehe. Kuvutana bei na mwenye nyumba baada ya hapo ni kugombea makombo.

Wengi wetu tumelelewa katika biashara ya kupatana. Ukimwendea mchuuzi wa samaki saa mbili asubuhi, samaki aina ya changu atakuuzia kwa bei yake. Ukimrudia saa kumi na moja jioni, barafu imeyeyuka na nzi wameanza kumzonga, mwenyewe ndiye atakayekuita. Chumba cha hoteli na kiti cha basi ni samaki wa aina hiyo, tena wanaooza upesi zaidi. Chumba kilicholala kitupu usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho kama chumba cha jana, na basi likiondoka na viti kumi vitupu, nauli ya viti hivyo imepotea moja kwa moja. Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba kila anayengoja dakika ya mwisho atauziwa kwa bei ya kutupa. Haiwi hivyo, na hapo ndipo wasafiri wengi wanapokosea hesabu. Mwenye hoteli anajua kuwa akizoea kuuza rahisi jioni, wateja wake watajifunza kungoja jioni. Hushusha bei pale tu anapokuwa na hakika kwamba wateja ni wachache kweli, na hakika hiyo anaipata kwenye kalenda, wala si kwenye maneno matamu ya mteja.

Ukiichambua safari ya Mombasa utakuta ndani yake bei za tabia tatu. Ipo bei isiyotikisika, ipo inayopanda na kushuka kila siku kufuata wingi wa abiria, na ipo inayobadilika kwa misimu. Msafiri anayezichukulia zote kuwa kitu kimoja hulipa zaidi bila kujua ni wapi alipokosea.

Mfano bora wa bei isiyotikisika ni treni. Reli mpya kati ya Nairobi na Mombasa ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na nauli ya safari nzima, baada ya kupandishwa Januari 2024, ikawa shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Nauli hiyo ndiyo utakayotozwa Jumanne ya Februari ambapo mabehewa yana nafasi tele, na ndiyo hiyo hiyo tarehe 23 Desemba. Kinachobadilika ni kupatikana kwa kiti tu. Maana yake ni kwamba unafuu wa treni hutegemea wenzake wanatoza nini siku hiyo. Desemba, mabasi yanapopandisha nauli, treni huwa ndiyo usafiri wa bei rahisi kuliko wote, na kwa sababu hiyo tiketi zake huisha mapema. Februari, basi linaweza kuwa chini yake, na hakuna sababu ya mtu kukesha kwenye simu akiwinda kiti. Kwa ufupi, shida ya treni ni ya kuwahi, na anayejua tarehe yake miezi miwili kabla amekwisha kuokoa pesa hata kabla ya kufungua pochi.

Treni ina gharama yake ya pembeni ambayo haiandikwi kwenye tiketi. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau na ya Mombasa iko Miritini, na zote mbili ziko mbali na katikati ya mji. Anayeshuka Miritini usiku akiwa na watoto waliolala na mabegi matatu hukutana na madereva wanaojua fika kwamba hana nguvu ya kubishana. Matatu za kuingia mjini zipo, na tofauti ya nauli kati ya matatu na teksi kwa familia ya watu wanne ni kubwa kiasi cha kulipia chakula cha mchana. Mwenye kufikia pwani ya kusini naye asikimbilie kuingia kisiwani: barabara ya Dongo Kundu inamtoa Miritini hadi upande wa Kwale bila kupitia kivuko cha Likoni.

Bei ya pili, ile ya kupanda na kushuka kila siku, ni ya mabasi na ndege. Ndege sitakaa nayo sana. Shirika huanza kuuza viti vichache kwa bei ya chini, vikiisha huuza vinavyofuata kwa bei ya juu zaidi, na hivyo hivyo hadi ndege ijae. Anayewahi hupata, anayechelewa humlipia aliyewahi. Basi lina mambo yake ya kuvutia zaidi. Watu hupenda basi la usiku kwa hoja kwamba limewaokolea usiku mmoja wa hoteli, na hoja hiyo ni sahihi nusu. Basi linafika Mombasa alfajiri, ilhali chumba hakifunguliwi kabla ya mchana. Kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana, familia iliyochoka huwa mahali fulani ikinunua vitu: chai, maji, soda, chakula ambacho hakikupangwa, na teksi ya kuzungukia na mabegi. Nimeona watu wakilipia chumba nusu siku ili tu walale. Kabla ya kukata tiketi ya usiku, mpigie mwenye malazi umuulize swali moja: mabegi naweza kuyaacha saa moja asubuhi? Akikubali, unafuu wa basi la usiku ni wa kweli.

Wenye gari hupenda kusema kwamba wao wanalipia mafuta tu. Hebu tupige hesabu. Nairobi hadi hapa ni karibu kilomita 480. Gari likienda kilomita 12 kwa lita moja, litakunywa lita 40 kwa safari ya kwenda. Tukichukulia lita moja kuwa shilingi 180, hiyo ni shilingi 7,200, na kwenda na kurudi ni 14,400. Watu wanne wazima kwa treni watalipa 12,000 kwenda na kurudi, na wakiwa wazazi wawili na watoto wawili wanaolipa nusu nauli, ni 9,000. Gari linaanza kumfaa mwenyewe abiria wanapofika watano, au anapokusudia kuzunguka sana akishafika. Anayepanga kukaa Bamburi siku nne akitazama bahari amelileta gari lake Mombasa kulilaza.

Sasa tuje kwenye malazi, kwa sababu ndiko pesa nyingi zinakoishia. Bei ya chumba Mombasa hufuata misimu, na misimu hiyo imesukwa kwa nyuzi mbili ambazo hazina uhusiano. Uzi wa kwanza ni hali ya hewa. Kuanzia Desemba hadi Machi unavuma kaskazi, jua ni kali na bahari imetulia, na kwa kuwa Ulaya wakati huo ni baridi na giza, wageni wa huko huja kwa wingi. Kuanzia Aprili unaingia kusi pamoja na mvua za masika, ambazo kwa Mombasa huwa nzito zaidi mwezi wa Mei. Bahari inachafuka, wageni wanapungua, na baadhi ya hoteli hutumia miezi hiyo kupaka rangi na kukarabati. Uzi wa pili ni shule. Wakenya husafiri watoto wanapofunga, yaani Aprili, Agosti, na Novemba hadi mwanzo wa Januari, bila kujali upepo unatoka wapi.

Nyuzi hizo zikikutana, kama zinavyokutana kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, hakuna ujanja utakaoshusha bei. Penye faida ni pale zinapoachana. Septemba ni mfano mzuri: shule zimefunguliwa, mvua za vuli hazijaanza, kusi imepoa, na vyumba vina nafasi. Nusu ya pili ya Januari nayo ina faida yake kwa hoteli zinazotegemea Wakenya, kwani wazazi wametoka kulipa karo na hakuna anayetaka kusikia habari za ufuo. Lakini ushauri wa Septemba haumsaidii mwalimu wala mzazi mwenye watoto wa shule, na makala nyingi za kubana matumizi huandikwa kana kwamba watu wote hawana watoto. Mzazi aangalie likizo ya Aprili na kuikwepa Pasaka yenyewe. Ijumaa Kuu ikishapita na wale wa siku nne wakisharudi makwao, bei hushuka ghafla ilhali shule bado zimefungwa. Mvua? Itanyesha, ndiyo. Hata hivyo mvua ya Aprili hapa mara nyingi hupiga kwa nguvu, kisha jua likatoka na barabara ikafuka mvuke. Mei ndiyo siwezi kumshauri mtu, hata apewe chumba kwa nusu bei.

Ndani ya wiki yenyewe pia mna tofauti. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi hugombaniwa na watu wa mikutano, harusi na wapenzi. Kuanzia Jumapili hadi Alhamisi meneja husikiliza. Hapa ndipo kupatana kunakofaa, na usiombe apunguze tu. Mwambie utakaa usiku nne, umuulize kama wa nne atakusamehe, au watoto watakula bila malipo. Meneja hupenda kutoa kitu kuliko kushusha bei, kwa sababu bei ikishushwa huonekana kwenye vitabu vyake.

Bei nayo ina ganda. Ukiambiwa chumba ni shilingi 10,000, uliza kama kodi imo. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ni asilimia 16 na tozo ya utalii ni asilimia 2. Chumba cha 10,000 kwa usiku nne, kikitajwa bila hizo, hutoka 40,000 kikawa kama 47,200 siku ya kulipa. Halafu beba kitambulisho. Hoteli na majumba ya makumbusho huwa na bei ya raia, bei ya wakazi wa Afrika Mashariki na bei ya mgeni wa mbali, na mlangoni pa Fort Jesus hawakusomi usoni. Mtanzania au Mganda anayekuja na hati yake asione haya kuionyesha.

Nyumba za kukodi kwa usiku, ambazo siku hizi kila mtu huziita Airbnb hata kama amezipata kwa jirani, zimebadilisha hesabu hii. Nyumba ya vyumba viwili Bamburi au Mtwapa, ikigawanywa kwa watu sita, ni nadra hoteli kuifikia kwa unafuu. Ila ina ada za usafi, ina umeme ambao mara nyingine ni juu yako, na ina wezi. Binamu yangu alituma amana kwa simu kwa ajili ya nyumba aliyoiona kwa picha. Alipofika, mlinzi wa lile jengo alimwambia kwamba yeye alikuwa wa tatu wiki hiyo. Picha zilikuwa za kweli, aliyezituma ndiye hakuwa wa kweli. Tangu siku hiyo, jamaa zangu hunituma mimi niende nikaitazame nyumba kabla hawajatuma hata senti, na nauli ya tuktuk wananirudishia.

Swali linalowachanganya wengi ni kama walipie hoteli pamoja na milo yote au chumba peke yake. Milo yote inamfaa mtu anayekaa mahali pasipo na kitu karibu, au mwenye watoto wanaodai chakula kila saa. Kwa yeyote anayelala karibu na kisiwa, nadhani ni kujinyima mara mbili: pesa imeondoka na chakula cha Mombasa hukukila. Nenda Mji wa Kale asubuhi, ukae kwenye benchi la mbao la mkahawa mdogo ambao meza zake zimefunikwa nailoni yenye maua. Utaletewa mbaazi za nazi katika sahani ya bati, rojo lake zito lina mafuta juu yake, na mahamri yaliyotoka kwenye karai sasa hivi, ukiyapasua yanatoa mvuke wa iliki. Mahamri manne, mbaazi na chai, kwa kawaida unabaki chini ya shilingi 150. Jioni yako mishkaki, viazi vya karai na ukwaju, na pale Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari ambapo kuingia ni bure, mihogo ya kuchoma iliyopakwa pilipili na ndimu, na madafu. Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka: mchana mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa na msafiri hulazimika kula hotelini, lakini ikifika magharibi barabara nzima huwa ni meza za kaimati, sambusa na mkate wa mofa.

Kisha bahari yenyewe. Watu hulipa hoteli ya ufuoni kwa kuamini kwamba ndiyo tiketi ya ufuo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 62, inaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Bustani ya hoteli ni ya hoteli. Mchanga unaolowa ni wako na wangu. Kinachokosekana ni njia ya kuufikia, kwani ukuta wa hoteli moja huungana na wa nyingine, na ndiyo maana vijia vichache vya umma na ufuo wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao wenyeji huuita Pirates, hufurika siku za sikukuu. Anayelala mitaa ya nyuma, ng'ambo ya barabara ya Malindi, anatembea dakika kumi na tano kufika kwenye bahari ile ile ambayo mwenzake ameilipia mara tatu ya bei yake.

Ila mtu wa ufuo wa bure ni lazima ajue maji, na hili wageni hawaambiwi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji ya Mombasa hupwa katikati ya asubuhi, yapata saa nne, na hujaa alasiri, yapata saa kumi. Tofauti kati ya kupwa na kujaa siku hizo huweza kukaribia mita 4. Familia inayofika Pirates saa nne asubuhi siku kama hiyo hukuta bahari imekwenda zake hadi kwenye miamba, imebaki mchanga, mwani na vidimbwi. Watoto wanalia, baba anakwenda hoteli ya jirani kulipia bwawa la kuogelea. Angengoja hadi saa nane angeogelea bure. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika kama 50, hivyo wiki moja baadaye, siku za maji mafu, maji hujaa asubuhi. Asubuhi ya maji kupwa si hasara lakini: ndio wakati wa kutembea hadi kwenye mwamba kutazama nyota za bahari, ukiwa umevaa viatu kwa ajili ya sopa, wale viumbe wa baharini wenye miiba. Na kabla ya mtoto kupanda ngamia au kuchukua boya la mpira wa gari, patana kwanza; akishapanda, bei ni ya mwenye ngamia.

Wanaokwenda Likoni kwa miguu huvuka kivuko bure, magari ndiyo hulipa, na safari hiyo fupi, meli za mizigo zikiingia Kilindini mbele ya macho yako, sijui kwa nini hakuna anayeiuza kama utalii.

Imebaki njia ambayo wengi huiona kuwa haina gharama kabisa, nayo ni kufikia kwa ndugu. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walikuwa na kisima. Maji ya Mombasa hutoka mbali, kwenye chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na mifereji hukauka siku kwa siku, hasa huku kisiwani; nyumba nyingi hununua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wasukuma mikokoteni. Wageni watano wanaotoka baharini mara mbili kwa siku, kila mmoja akitaka kujitoa chumvi, humaliza mitungi kumi bila kufikiri. Weka na feni inayozunguka usiku kucha kwenye tokeni za umeme za mwenyeji. Shangazi yangu wa Majengo hajawahi kumwambia mgeni neno, ila huipanga mitungi mitupu mlangoni, mmoja mmoja, mahali ambapo kila anayetoka ni lazima airuke. Wanaoelewa humwita mwenye mkokoteni, wakamlipa wao, kisha wakaenda kuoga.